Pluto Hakuwepo Siku ya Kuhesabiwa

Hapa shuleni Lodwar, mpishi wetu huzima jiko kubwa kwa kulimwagia maji aliyooshea sufuria. Jivu la moto likikutana na maji linatoa harufu chungu kidogo, inayokaa nyuma ya pua na haitoki upesi. Wenzangu wakiinusa wanajua maharagwe yameiva. Mimi nikiinusa natafuta mahali pa kukaa peke yangu. Juzi nilikaa nyuma ya bweni nikaandika mstari mmoja kwenye daftari langu, kwamba leo nimeinusa tena siku ile. Nilitaka kuishia hapo, ndiyo kawaida yangu. Lakini kuna mambo niliyajua likizo iliyopita, na nisipoyaandika sasa nitaanza kuyapunguza makali kila nikiyakumbuka.

Nilikuwa darasa la nne. Tulikuwa tunaishi Kakuma, kambini, watu watatu: mama, kaka yangu Deng na mimi. Bado ni kwetu huko. Lodwar niko kwa ajili ya shule tu, na kila muhula nasafiri na karatasi ya ruhusa ndani ya soksi, maana njiani polisi wanaiuliza. Baba tulimwacha ng'ambo ya Nadapal, upande wa Sudan Kusini, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Alirudi nyuma kutafuta ng'ombe waliotawanyika, akamwambia mama atatufuata baada ya wiki mbili. Sura yake siijui. Deng anasema anaikumbuka, lakini kila akinielezea inabadilika. Mara baba ana pengo, mara hana.

Mtoto wa kambini anajifunza kuhesabiwa kabla ya kujifunza kuhesabu. Siku ya kuhesabiwa familia nzima inakwenda, hata mgonjwa, hata mtoto wa jana. Mnakaa kwenye foleni tangu asubuhi, mnafika kwenye meza, kila mmoja anaweka kidole kwenye kioo kidogo chenye taa, na mashine inasema huyu yupo. Asiyekuwepo, shauri yake. Jirani yetu Mama Rebeka alikwenda Lokichoggio kumuuguza dada yake, akaipitisha siku hiyo huko. Aliporudi jina lake halikuwa kwenye orodha na kadi yake ya posho ilikuwa haifanyi kazi. Msimu mzima tulimwona akienda ofisini asubuhi na kurudi saa saba na mfuko mtupu, na mama akampimia unga wetu kwa kikombe.

Sisi watoto tulikuwa na mchezo wa jambo hilo. Mmoja anafumba macho, wengine wanasimama juu ya mstari uliochorwa mchangani. Akifumbua anahesabu, na yeyote aliyetoka kwenye nafasi yake anaambiwa, "Wewe umefutwa, nenda kwenu." Aliyefutwa anakaa pembeni mpaka mchezo uishe. Mimi nilikuwa bingwa. Nzi angeweza kutembea kwenye kope langu na nisitikisike. Sikuwa na maneno mengi, sikuwa na mbio, lakini kusimama nilijua.

Sasa nimtaje Mwalimu Ekal, aliyetufundisha sayansi mwaka ule. Alikuwa kijana Mturkana wa Kakuma mjini, anakuja kwa baiskeli, suruali amebana kwa kibanio cha nguo ili isiingie kwenye cheni. Akiingia darasani anatusalimu kwa Kiturkana, "Ejok?" yaani hamjambo, na sisi zaidi ya themanini, Wadinka, Wanuer, Wasomali, Wakongo na Waturkana wachache wa nje ya kambi, tunajibu "Ejok nooi!" mpaka mabati yanalia. Alitufundisha kuhusu jua na sayari kwa wiki mbili. Kitabu kilikuwa kimoja, chake, kwa hiyo vingine vyote vilitoka mdomoni mwake na kwenye chaki.

Alisema jua ni nyota. Darasa zima lilikataa, maana nyota tunazijua, zinakuja zikiwa zimepoa. Akasema ni nyota kama zile, ila yetu iko karibu, na kwamba ni moto usiotumia kuni, mkubwa kiasi kwamba dunia zaidi ya milioni moja zingeingia ndani yake. Mwanga wake unachukua dakika nane kutufikia. Nilipomsimulia Deng jioni, alisema labda dakika nane ni za Nairobi, hapa Kakuma linafika kwa dakika mbili. Mwalimu akaziandika sayari kwa mpangilio: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Zohali, Urani, Neptuni. Zebaki ndiye aliye karibu na jua, lakini mwenye joto zaidi ni Zuhura, kwa sababu amejifunika hewa nzito isiyoruhusu joto kutoka. "Fikirieni nyumba ya mabati, mlango umefungwa, saa nane mchana," akasema. Hakuna aliyeuliza swali.

Halafu akasema lile jambo. Alikuwa anafuta ubao, ametupa mgongo. "Zamani zilikuwa tisa. Wa mwisho kabisa aliitwa Pluto. Wakubwa wa mambo ya anga wakakaa, wakaipitia orodha upya, wakamtoa."

Nafikiri aliendelea kueleza sababu. Leo najua sababu yenyewe, kwamba Pluto ni mdogo na njia yake anagawana na mawe mengine mengi, kwa hiyo akawekwa kwenye kundi la sayari kibete. Siku ile sikusikia. Nilikuwa nimekwama kwenye neno orodha. Nilimwona Pluto akiwa mbali huko, pengine amekwenda kumuuguza mtu, na huku wenzake wanane wamepanga foleni wanaweka kidole, na karani anaita jina lake mara ya kwanza, mara ya pili, halafu anapiga mstari. Nilimhurumia nusura nilie. Nilitaka kumuuliza mwalimu kama Pluto anaweza kwenda ofisini kulalamika, lakini kunyoosha mkono kulinishinda, kama siku zote.

Wiki iliyofuata tuliambiwa kuna wageni wanakuja kuangalia jinsi tunavyosoma sayansi. Mwalimu Ekal akasema hatutawaonyesha ubao, tutawaonyesha anga lenyewe. Kila mtoto akaambiwa alete mkebe mmoja wa jivu kutoka nyumbani. Alipiga kigingi katikati ya uwanja, akafunga kamba, akazunguka nayo akimwaga jivu, akairefusha, akazunguka tena, mpaka ikawa miviringo minane, mmoja ndani ya mwingine, na wa mwisho ukapita karibu kabisa na vyoo. Upepo ulipoanza kulipeperusha jivu, tulitumwa kulinyunyizia maji. Uwanja wote ukanuka jikoni.

Akagawa kazi. Zebaki akawa Abdi, mtoto mdogo wa Kisomali asiyejua kutembea ila kukimbia, maana Zebaki analizunguka jua kwa siku themanini na nane tu. Zuhura akawa Esperance, msichana wa Kongo, akafunikwa blanketi zito la mwalimu. Zohali akavaa ringi la baiskeli kiunoni, likashikiliwa kwa kamba za mabegani. Neptuni akawa Emuria, mvulana Mturkana aliyekuwa mkubwa kuliko sisi wote. Mwalimu akamwambia Neptuni humaliza mzunguko mmoja kwa miaka mia moja sitini na tano.

"Kwa hiyo mimi nafanya nini?" Emuria akauliza.

"Wewe piga hatua moja wageni wakishaondoka."

Tulicheka mpaka Mwalimu akaketi. Kisha akaangalia darasa, akatafuta, akanionyesha mimi. "Huyu awe jua. Huyu hasemi na hatikisiki." Nilivalishwa leso ya njano ya mke wake na kichwani taji lililokatwa kutoka kwenye mtungi wa mafuta wa njano, lenye miale iliyochongoka ikizunguka uso wangu. Likafungwa kwa mpira wa tyubu nyuma ya kisogo. Nikigeuza shingo, miale ilinichoma mashavuni. "Jua haliendi mahali," akaniambia, ameinama mpaka nikaona vumbi kwenye nyusi zake. "Hata likiitwa, haliendi. Likiondoka, hawa wote wanapotea gizani. Wageni wakija wataangalia kama mmekamilika. Umenielewa?" Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Hapo sasa lazima niseme kitu ambacho nilikificha miaka sita. Siku tatu kabla, jina letu lilikuwa limebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Ofisi ilituita kwenye mahojiano, yale ambayo watu kambini wanayasubiri mpaka wanazeeka, ya familia kupelekwa nchi nyingine kuanza maisha. Siku ikawa ileile ya wageni, saa nne. Mama hajui kusoma. Deng alimsomea tangazo mara tano, na mara zote tano mama alimwambia arudie saa. Wote watatu tulitakiwa tuwepo. Akikosa mmoja hawaanzi. Mama akaniambia nimwambie mwalimu mapema kwamba Deng atakuja kunichukua.

Nilikuwa na siku tatu za kusema sentensi moja. Niliifanyia mazoezi njiani, niliifanyia mazoezi bombani nikisubiri maji. "Mwalimu, siku ya wageni sitakuwepo." Kila nikimkaribia, yeye ananifunga taji na kunisifu. Siku ya tatu ikapita. Asubuhi ya siku yenyewe mama aliniuliza kama mwalimu amekubali, nikasema amekubali.

Saa mbili tulikuwa uwanjani. Wageni hawakuja. Saa tatu hawakuja. Jua la kweli likapanda juu ya lile la leso, na taji likaanza kunuka plastiki iliyopata moto. Esperance alilalamika kutoka ndani ya blanketi kwamba miye nakufa humu, Mwalimu, nakufa, na akaruhusiwa kulivua kidogo. Sayari ziliruhusiwa kwenda kunywa maji mbilimbili. Jua halikutajwa. Nilitazama jivu likikauka na kuwa jeupe, miviringo minane ikinizunguka, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba kila mmoja pale alikuwa na njia ya kutembea, hata Neptuni, isipokuwa mimi.

Deng alikuja saa nne na kitu. Mlinzi hakumruhusu kuingia, kwa hiyo alizunguka nyuma mpaka kwenye ua wa miba ya mathenge, karibu na vyoo, akaniita kwa lugha yetu. Wakati huohuo magari mawili meupe yaliingia getini na vumbi lao.

"Wewe, toka," Deng akasema. "Wanatuita sasa hivi. Mama amesema hata kama ni kukimbia."

Sikugeuka. Akarusha kijiwe kunistua, kikampata Emuria mgongoni, na Emuria bila kuondoka kwenye mviringo wake akamwambia, "Buda, ukimpiga Neptuni tena nakuja huko." Watoto wakacheka. Deng hakucheka. Aliniita tena, na safari hii sauti yake, iliyokuwa imeanza kuvunjika mwaka ule, ilipanda na kukatika katikati ya jina langu.

Wageni walishuka wakiwa na kalamu na madaftari. Mama mmoja mwenye kofia pana alisimama mbele yetu, akanyoosha kidole kwa Zebaki, kisha Zuhura, kisha Dunia, midomo ikicheza bila sauti. Nilijua anachofanya. Tangu nizaliwe nimekuwa nikiona watu wenye kalamu wakifanya vile. Kama ningetoka wakati ule, angefika katikati akute pengo, na akishapiga mstari hakuna mtu angekumbuka kwamba palikuwa na jua. Na hawa wote, Abdi na mbio zake, Esperance, Emuria, wangepotea kwa sababu yangu. Siandiki hivi ili nijitetee. Ndivyo nilivyofikiri kweli, kwa akili yangu yote ya miaka kumi.

Kwa hiyo nilisimama. Mwalimu akapuliza filimbi, wakaanza kunizunguka. Abdi akapita mara nyingi mpaka nikapata kizunguzungu. Zohali aliangusha ringi, akaliokota. Wageni wakapiga picha, wakauliza maswali, na mmoja akauliza mbona jua haliongei. Mwalimu akasema jua halina haja ya kuongea. Wakacheka vizuri tu, si kwa ubaya. Mimi nilikuwa nimejikojolea. Ilikuwa kidogo, na leso ilikuwa ndefu, na mchanga wa Kakuma unakunywa haraka. Hakuna aliyejua mpaka leo ninapoandika.

Nilifika nyumbani saa nane. Mama alikuwa ameketi mlangoni na gauni lake la kanisani, lile la mahojiano, bado amelivaa. Deng alikuwa ndani ananiita jiwe. Nilisema sikumsikia. Nikaapa kabisa. Nilingoja kofi, kwa sababu kofi lingekuwa na mwisho. Mama akanivua taji nililokuwa nimesahau kichwani, akanifuta damu kidogo shavuni kwa ncha ya gauni, akasema, "Malesh." Kwa Kiarabu cha Juba ni kama kusema pole, yameisha. Akaongeza kwamba wataita tena.

Hawakuita. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi. Familia iliyofuata jina letu kwenye lile tangazo iliondoka mwaka uliofuata. Niliwaona wakipanda basi na mifuko myeupe ya plastiki yenye makaratasi, watoto wao wamevaa viatu vipya vinavyowabana, na rafiki yangu kati yao akanipungia bila furaha kwa sababu viatu vilikuwa vinamuuma. Nilitamani vile viatu vinavyouma. Baada yao wakaenda wengine, kisha mambo yakapungua, siku hizi hata hao wachache hawaendi. Deng alimaliza darasa la nane akakosa karo, sasa anaendesha bodaboda ya mtu. Mama anauza chai na mandazi karibu na soko. Kila nilipomwona akipuliza jiko, macho mekundu kwa moshi, nilijiambia ni mimi niliyemfungia hapo. Nyumbani, bombani, kwenye posho, nyumbani. Nilijua njia ile kwa hatua. Nilipopata mfadhili wa kusoma Lodwar, sikufurahi kama wenzangu. Nilihisi nimetoroka kwenye nyumba niliyoifunga kwa nje.

Muhula uliopita, kwenye somo la jiografia, Madam alirudia yaleyale ya jua na sayari, nami nikawa naandika kwa mkono uliojiendea wenyewe. Akasema kitu kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Akasema jua nalo linatembea. Linakizunguka kitovu cha kundi lote la nyota tulilomo, kasi kubwa sana, halijasimama hata siku moja tangu liwepo. Kalamu yangu ikasimama. Sijui mkono wangu ulipandaje, lakini ulikuwa juu, na darasa zima limegeuka kunitazama kwa sababu hawakuwahi kuuona huko.

"Na sayari, Madam?"

"Zinaenda nalo," akasema. "Kwani ziende wapi?"

Nililibeba jibu hilo mpaka likizo. Siku ya pili nikiwa Kakuma, mchana, mama alikuwa anachekecha unga na mimi naokota wadudu waliobaki kwenye chekecheke. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba nilimsikia Deng siku ile, mara zote mbili. Nikamwambia kuhusu mwalimu, orodha, Pluto, mama mwenye kofia. Nikamwambia kwamba niliambiwa jua haliendi, na kumbe linaenda, na ningeenda. Nilikuwa nalia, kwa hiyo mengine nayo yalitoka vibaya. Mama hakuacha kuchekecha. Unga ulikuwa umeisha, yeye anachekecha hewa.

"Mimi nilikuja," akasema.

Nikamuuliza amekuja wapi.

"Huko shule. Deng anarudi peke yake, ile mzee wa ofisi anasema, mama, nenda lete mtoto, sisi tunangoja mpaka chakula ya mchana. Mimi nakimbia. Nafika kwa ile miba, naona wewe. Na ile kitu ya njano kwa kichwa. Watu wote nazunguka wewe."

"Kwa nini hukuniita?"

"Nilifungua mdomo." Akaweka chekecheke chini. "Baba yako alikuwa bado. Nikasema, sisi tukienda, akifika nani atamwambia tuko wapi? Na mimi siwezi kukataa, watu watasema mama hii ni wazimu. Nikaona wewe hutoki. Nikasema, basi, mtoto mwenyewe hatoki. Si mimi nimekataa."

Alirudi ofisini akasema mtoto ni mgonjwa. Nilidhani yameishia hapo, lakini aliendelea, bila kuniangalia. Waliita tena. Mara mbili. Mara zote mbili alikwenda peke yake, asubuhi sisi tukiwa shuleni, akawaambia wamngojee mume wake, yuko njiani.

Sitaki kudanganya hapa kwamba nilimkumbatia. Nilikasirika mpaka masikio yakaziba. Miaka sita nimelala na kitu kile kifuani, namwona akipuliza jiko nami nakimeza, na yeye alikuwa anaona ninavyomwangalia. Niliondoka nikaenda bombani, nikasimama kwenye foleni bila mtungi. Mwanamke wa nyuma yangu akaniuliza nachota maji kwa kitu gani, kwa mikono? Nilisimama mpaka nikafika mbele, nikafungua bomba, nikanawa uso, nikaondoka.

Niliporudi Deng alikuwa amekuja kula. Mama alikuwa amemwambia naye. Alikuwa ameketi juu ya pikipiki, hajaizima, inanguruma tu mahali pamoja. Alimuuliza mama, kwa upole kuliko nilivyotarajia, kama anajua mtu yeyote aliyemwona baba tangu Nadapal. Mama akasema hapana. Akamuuliza kama amewahi kupata salamu, hata za uongo. Mama akasema hapana. Deng akazima pikipiki. Tulikula, na mama alituwekea nyama nyingi kwenye sahani zetu kuliko kawaida, na sisi tukaila.

Kuhesabiwa kulikuwa wiki ileile. Tulikwenda watatu, tukakaa kwenye foleni tangu alfajiri. Zamu yetu ilipofika, meza ilikuwa na kijana mpya, mwenye miwani, anayeuliza bila kuinua macho. Kila mwaka wakimuuliza mama tuko wangapi, jibu lake lilikuwa moja: wanne, mmoja yuko njiani. Makarani wa zamani walilizoea, wanamwandika kama anayesubiriwa, bila posho, na kutupungia tupite.

"Mko wangapi?"

Mama alikitazama kile kioo chenye taa mpaka kijana akainua macho.

"Watatu."

Akaangalia mashine yake. "Mama, hapa naona wanne. Faili yenu yenyewe imesimama kwa sababu ya huyu wa nne. Nikimtoa, hii haiwezi kurudi. Na hata nikimtoa, siwezi kukuahidi kwamba mtaitwa. Siku hizi hakuna anayeitwa."

Mama alimtazama Deng, kisha akanitazama mimi. Nilitaka kumwambia asubiri, nilikuwa na neno hilo tayari mdomoni, na sijui hata lilitoka wapi baada ya hasira yote ile. Alikuwa ameshausogeza mkono kwenye meza.

"Watatu," akasema tena, akaweka kidole kwenye kioo.